Namna ya Kuchagua Tapeti Unapobadilisha Kamshafti ya Injini

Mtu anayetaka injini ya gari lake ipumue zaidi huanza kwa kutafuta kamshafti (shafti inayofungua valvu) yenye nundu kubwa, na tapeti, vile vipande vinavyokaa kati ya nundu na valvu, huzikumbuka siku hedi imeshafunguliwa. Katika gereji nyingi za Mwanza, kuanzia Nyakato mpaka Igoma, huo ndio utaratibu uliozoeleka: kamshafti inaagizwa Dar es Salaam au nje ya nchi, inafika, inalazwa mahali pake, ndipo inagundulika kwamba tapeti zilizomo haziifikii, au zinaifikia lakini nundu inakwangua ukingo wake. Mwongozo huu unashauri kinyume. Tapeti ndizo zinazoamua ni kamshafti ipi injini yako inaweza kuipokea, kwa hiyo zichunguzwe zenyewe kwanza, kwa vipimo, kabla fedha ya kamshafti haijatoka mfukoni.

Kila nundu ya kamshafti ina pande mbili ambazo tutazitaja mara kwa mara. Kisigino ni ule upande wa duara ambao ukiwa juu ya tapeti, valvu inakuwa imefungwa. Ncha ni ule upande uliochomoza, ambao huisukuma tapeti mpaka valvu ifunguke kabisa. Ukipima kutoka katikati ya kamshafti, tofauti kati ya ncha na kisigino ndiyo kimo cha nundu. Mahali ambapo tapeti imekaa moja kwa moja juu ya valvu, kimo hicho ndicho kimo cha valvu, ukiondoa nafasi ndogo ya kuseti inayoachwa kati ya kisigino na tapeti. Mahali penye roka, yaani mkono unaopeleka mwendo wa nundu kwenye valvu, kimo huzidishwa kwa uwiano wa roka.

Tambua tapeti zilizomo

Fungua tapeti kava na uangalie kwa macho yako, kwa sababu jina la gari peke yake halitoshi; injini nyingi mjini hapa zimeshabadilishwa na gari lililoingia nchini na injini moja linaweza leo kuwa na nyingine kabisa. Soma namba ya injini kwenye bloku.

IST na Probox zenye injini ya 1NZ-FE, pamoja na magari yenye 1ZZ-FE, hutumia tapeti za umbo la kikombe, zisizo na shimu, yaani kisahani cha kurekebisha unene. Kikombe kinafunika springi na ncha ya valvu, nundu inakisugua kwa juu, na unene wa sakafu yake ndio unaoamua nafasi kati yake na kisigino. Toyota ilivitoa vikombe hivyo kwa unene wa 5.06 mm hadi 5.74 mm, kwa hatua za 0.02 mm. Namba iliyogongwa kwa ndani ni tarakimu mbili za mwisho za unene huo, kwa hiyo kikombe kilichoandikwa 46 kina 5.46 mm. Kumbuka vipimo hivi viwili vya mwanzo na mwisho, maana ndivyo vitakavyokukwamisha baadaye.

Corolla na Carina za miaka ya nyuma, zenye 4A-FE au 5A-FE, zina kikombe chenye shimu juu yake, kisahani kigumu cha chuma kinachokaa ndani ya ukingo mdogo na kusuguliwa moja kwa moja na nundu. Faida yake ni kwamba unaweza kubadilisha shimu bila kung'oa kamshafti, ukiwa na kifaa cha kukandamiza kikombe. Hasara yake tutaiona kwenye nundu kubwa.

Kundi jingine ni la roka zinazoegemea nguzo ya haidroliki, yaani inayojirekebisha kwa presha ya oili. Toyota zenye 2ZR-FE zina roka za rola za namna hiyo, na Nissan zenye SR20DE zina roka za kusugua, zisizo na rola, juu ya nguzo za haidroliki. Kisha zipo injini ambazo kamshafti imelala ndani ya bloku na kazi inafika kwenye valvu kwa kupitia tapeti, pushirodi (fimbo ya kusukuma) na roka, kama 3Y na 4Y za Hiace za zamani, na tapeti zake ni za haidroliki. Ukishajua gari lako liko kundi gani, nusu ya maswali ya dukani yamekwisha.

Kiasi gani cha nundu kinafaa hapa kwetu

Uso wa Ziwa Victoria uko kwenye mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Mwanza mjini hakuna mahali palipo chini ya hapo. Kwa kimo hicho kanieneo ya hewa ni kama asilimia 87 ya ile ya Dar es Salaam, kwa hiyo injini isiyo na tabo inaanza kazi ikiwa na hewa pungufu. Kamshafti yenye digrii nyingi za kufungua, yaani inayoiacha valvu wazi kwa sehemu kubwa ya mzunguko, huchelewa kufunga valvu ya kuingiza, na sehemu ya hewa ambayo silinda ilikwisha kuivuta inarudishwa nje pistoni inapopanda, hasa mizunguko ikiwa michache. Matokeo yake ni gari linalosuasua kwenye mlima wa Bugando likiwa na abiria watano, ingawa barabara ya Shinyanga iliyonyooka linakimbia vizuri. Kwa gari la kazi za kila siku, maoni yangu ni kwamba ongezeko dogo la kimo lenye digrii za wastani lina faida kubwa kuliko kamshafti ya mashindano, na uzuri mwingine ni kwamba tapeti zake hupatikana kwa urahisi zaidi.

Hesabu ya kisigino

Kamshafti yenye kimo kikubwa hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kununua mpya iliyochongwa kutoka chuma kipya, ambayo kisigino chake kinaweza kubaki na kipimo kilekile cha kiwandani na ncha ikawa ndefu zaidi. Ya pili, ambayo ndiyo wengi wetu tunaimudu, ni kusaga upya kamshafti ya zamani. Fundi wa mashine hawezi kuongeza chuma kwenye ncha, kwa hiyo anapunguza kisigino. Akitaka kimo kiongezeke kwa 0.80 mm, anaondoa 0.80 mm kwenye nusu kipenyo cha kisigino na kuiacha ncha ilivyokuwa.

Sasa fikiri kinachotokea juu ya tapeti. Kisigino kimesogea mbali kwa 0.80 mm, na ile nafasi iliyokuwa 0.20 mm imekuwa 1.00 mm. Ukiwasha injini hiyo utasikia kelele ya kugonga kama ya cherehani iliyokauka mafuta, na valvu itafunguka kwa kimo kilekile cha zamani, maana ongezeko lote limemezwa na nafasi. Lazima tapeti inenepe kwa 0.80 mm.

Hapo ndipo hesabu ya 1NZ-FE inapokataa. Tuseme vikombe vyako vya sasa vina 5.40 mm. Unahitaji 6.20 mm, na kikombe kinene kuliko vyote vya kiwandani ni 5.74 mm. Chumba ulichonacho ni 0.34 mm tu. Mtu aliyesaga kamshafti kwanza bila kupiga hesabu hii ana kamshafti nzuri isiyo na tapeti ya kuifikia.

Njia za kutoka zipo, na kila moja ina sharti lake. Unaweza kuagiza vikombe vya nje ya kiwanda vinavyopokea shimu ndogo kwa chini, kati ya sakafu ya kikombe na ncha ya valvu. Shimu hiyo ni ndogo kama kifungo cha shati na hupatikana kwa unene mwingi. Unaweza kuweka kofia ngumu ya chuma juu ya ncha ya valvu, endapo ncha hiyo imechomoza vya kutosha juu ya koleti, vile vipande vidogo vinavyoishika valvu, ili kofia isije ikakandamiza ritena, yaani kisahani cha kushikilia springi, badala ya valvu. Unaweza pia kumwambia msagaji apunguze kiasi kile tu ambacho vikombe vya kiwandani vinaweza kufidia, ukaridhika na ongezeko dogo. Kulehemu au kupandisha sakafu ya kikombe kwa kuongeza chuma ni kazi ambayo nisingeiruhusu kwenye injini yoyote, kwa sababu joto la kulehemu linaharibu ugumu wa uso ambao ndio uhai wa kikombe.

Jambo moja hufanya kazi kwa faida yako. Hedi inapofanyiwa kazi ya kusaga valvu na viti vyake, valvu huzama kidogo kwenye kiti na ncha yake hupanda upande wa kamshafti, na hivyo nafasi hupungua. Kama ncha imepanda kwa 0.15 mm, kikombe cha mfano wetu kingehitaji 6.05 mm badala ya 6.20 mm. Kwa sababu hiyo, vipimo vya kuagizia tapeti vichukuliwe baada ya hedi kutoka kwa msagaji, si kabla. Anayeagiza mapema huagiza mara mbili, na mzigo kutoka Dar es Salaam unasafiri zaidi ya kilomita 1,000.

Upana wa kikombe na ukingo wake

Wengi hupima kimo cha nundu na kusahau kasi yake. Nundu mbili zinaweza kuwa na kimo kimoja, na moja ikafungua valvu taratibu, nyingine kwa ghafla. Ile ya ghafla hugusa kikombe mbali zaidi na katikati.

Kwa tapeti yenye uso bapa, umbali wa mguso kutoka katikati unategemea kasi ya nundu peke yake, na unaweza kuupata kwa hesabu ya kidato cha pili. Chukua kasi ya juu kabisa ya kuinua, kwa milimita kwa kila digrii moja ya mzunguko wa kamshafti, kisha uizidishe kwa 57.3. Kamshafti inayoinua kwa 0.20 mm kwa digrii itagusa kikombe umbali wa karibu 11.5 mm kutoka katikati. Kikombe chenye kipenyo cha 28 mm kina nusu kipenyo cha 14 mm, kwa hiyo kwa haraka utaona imebaki 2.5 mm. Lakini nundu ina upana. Kama upana wake ni 12 mm na imekaa katikati ya kikombe, pembe za mstari wa mguso zinafika 13 mm, na kilichobaki ni 1 mm, ambayo sehemu yake imeliwa na ule mviringo mdogo wa ukingo. Ikiwa kasi ni 0.25 mm kwa digrii, mguso uko 14.3 mm kutoka katikati, yaani nje ya kikombe. Kamshafti hiyo haiingii hata kama muuzaji anaapa.

Angalia vizuri digrii zilizoandikwa kwenye karatasi ya kamshafti. Krankshafti huzunguka mara mbili wakati kamshafti inazunguka mara moja, kwa hiyo kasi iliyotolewa kwa digrii za krankshafti lazima uizidishe kwa mbili kabla ya kuiingiza kwenye hesabu hii.

Kwenye injini zenye shimu juu ya kikombe, mpaka ni mdogo zaidi, kwa kuwa unaohesabika ni ukingo wa shimu, ambao uko ndani ya ukingo wa kikombe. Nundu ikiufikia, inaweza kuichokonoa shimu kutoka kwenye kitako chake wakati mizunguko ni mikubwa. Shimu iliyoruka inanaswa kati ya nundu na kikombe, na mara nyingi kamshafti, kikombe na hedi vinaharibika kwa pamoja. Ndiyo maana watengenezaji wa kamshafti kubwa za 4A-GE na 2JZ-GTE huuza pamoja nazo vikombe vyenye shimu chini au visivyo na shimu. Kama una 4A-FE na unataka kimo kikubwa, bajeti ya vikombe hivyo iingie kwenye hesabu tangu mwanzo.

Asiyepewa kasi ya nundu na muuzaji anaweza kupima mwenyewe. Paka uso wa kikombe kwa kalamu ya wino mzito, laza kamshafti mahali pake na kofia zake zote zifungwe kwa kiwango cha kitabu, kisha izungushe kwa mkono raundi chache na uing'oe tena. Wino utakuwa umefutika pale nundu ilipopita. Pima kwa rula ya chuma au venia kutoka mpaka wa alama hiyo hadi ukingoni. Kama alama imekatika ghafla kwenye ukingo, nundu imeshatoka nje. Wakati huohuo tazama kama ncha ndefu haigusi ukuta wa hedi kando ya tundu la kikombe. Nundu mpya zenye kimo kikubwa hugusa hapo mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Za kuseti au za haidroliki

Tapeti ya haidroliki ina pistoni ndogo ndani yake na gololi inayozuia mafuta yasirudi. Presha ya oili huinua pistoni hiyo mpaka nafasi yote iishe, kwa hiyo haina haja ya kusetiwa na haipigi kelele. Kwa gari la familia, hilo ni jambo jema lisilohitaji kubadilishwa, na kamshafti za wastani zilizochongwa kwa ajili ya tapeti za haidroliki zinafanya kazi nazo vizuri.

Tatizo huanza juu. Mizunguko ikizidi uwezo wa springi, valvu huchelewa kuifuata nundu na nafasi hutokea kwa muda mfupi sana. Tapeti ya haidroliki haijui kwamba nafasi hiyo ni ya kosa, inaijaza oili. Valvu inaporudi, tapeti imeshakuwa ndefu kupita kiasi na valvu haifungi kwenye kiti chake. Injini inapoteza nguvu papo hapo, na ikiendelea, valvu inaungua au inakutana na pistoni. Kwenye SR20DE kuna hatari ya ziada inayojulikana kwa watumiaji wake, ya roka kuruka kutoka mahali pake katika mizunguko ya juu, na ndiyo maana wanaozikimbiza sana huweka vizuizi vya roka au nguzo ngumu za kuseti.

Usichanganye kamshafti ya kundi moja na tapeti za kundi jingine. Nundu iliyochongwa kwa tapeti za kuseti ina mteremko mrefu mwanzoni, ambao kazi yake ni kumaliza nafasi taratibu kabla valvu haijaanza kuinuka. Ukiweka tapeti ya haidroliki chini ya nundu hiyo, hakuna nafasi ya kumalizwa, na mteremko wenyewe unaanza kuinua valvu, hivyo valvu inakaa wazi muda mrefu kuliko ilivyokusudiwa na sailensi, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga mafuta, inakuwa mbovu. Kwa upande mwingine, nundu ya haidroliki ina mteremko mfupi, na tapeti ya kuseti yenye nafasi kubwa itapigwa kama nyundo kila mzunguko.

Kamshafti yenye kisigino kilichosagwa hudai kitu pia kwa haidroliki. Pistoni ya ndani ina mwendo wake na mwisho wake. Kwa injini ya pushirodi, kipimo kinachotumika sana ni kuikandamiza pistoni hiyo kwa 0.5 mm hadi 1.0 mm valvu ikiwa imefungwa. Kisigino kikipungua, ukandamizaji huo unapotea na pushirodi ndefu zaidi inahitajika. Wauzaji wa spea hawazungumzii urefu wa pushirodi, kwa hiyo pima mwenyewe.

Kuhusu kuigeuza Hiace ya 3Y iwe na tapeti za rola, naliona ni wazo la gharama lisilolipa. Rola inataka kamshafti ya chuma cha namna tofauti na ile ya kusugua, inataka kifaa cha kuizuia isizunguke kwenye tundu lake, inabadilisha urefu wa pushirodi, na mara nyingi inahitaji springi ngumu zaidi. Fedha hiyo ingemaliza ovahoo ya injini nzima.

Springi na uzito

Nguvu inayohitajika kuirudisha valvu hukua kwa mraba wa mizunguko. Kutoka 6,000 hadi 7,000 kwa dakika, nguvu hiyo huongezeka kwa asilimia 36. Kikombe chepesi hupunguza mzigo wa springi, na hapo vikombe visivyo na shimu na vile vyenye shimu chini vinavishinda vile vyenye shimu juu. Weka kikombe cha zamani na kipya kwenye mzani wa dukani unaosoma gramu, ulinganishe.

Kabla ya kukubali tapeti na kamshafti kwa pamoja, hakikisha mambo matatu, mawili ya kwanza ncha ya nundu ikiwa imekaa juu ya tapeti: kwamba springi bado ina angalau 1 mm kabla koili hazijashikana, kwamba ritena iko si chini ya 1.5 mm kutoka kwenye sili ya valvu, na kwamba valvu haiwi karibu na pistoni kuliko 2.0 mm upande wa kuingiza na 2.5 mm upande wa kutoa moshi. La mwisho hupimwa kwa kubandika udongo laini wa kuchezea watoto juu ya pistoni, kufunga hedi na gasketi ya zamani, kuzungusha injini kwa mkono raundi mbili kamili na kukata udongo huo kwa wembe. Kwa tapeti za haidroliki, kipimo hiki hakiaminiki kama tapeti haijajaa oili, kwa sababu inabonyea. Tumia tapeti ngumu ya kupimia. Kwa injini yenye VVT-i, mfumo wa Toyota wa kubadilisha wakati wa valvu kufunguka, pima pia kamshafti ya kuingiza ikiwa imesogezwa mbele kabisa, maana huko ndiko valvu inakokaribiana na pistoni zaidi. Hata 4A-FE, ambayo mafundi wanaiamini kwa kutogongana valvu hata mkanda wa taimingi ukikatika, haina tena dhamana hiyo kamshafti ikishabadilishwa.

Dukani

Peleka kikombe chako cha zamani na mikromita. Ukiambiwa "bosi, hizi zinaingia kwenye injini zote za NZ", jibu la heshima ni kuomba kupima. Kipenyo cha nje kilingane na kitabu cha injini yako, na kikombe kikipakwa oili kizame kwenye tundu lake kwa uzito wake bila kubana na bila kucheza pembeni. Unene upimwe katikati, pale sakafu inapokutana na ncha ya valvu, na usiamini namba iliyogongwa kabla hujaipima mwenyewe, kwa kuwa boksi feki huwa na namba nzuri pia.

Tapeti za mtumba zinahitaji jicho kali. Kikombe kilichozunguka vizuri kikiwa kazini kina alama za duara hafifu juu yake, zilizoenea sawasawa. Chenye mstari mmoja uliochimbika kilikuwa kimekwama, na hakifai kwa kamshafti mpya hata kikiwa na unene unaoutafuta. Kwa tapeti za kusugua za injini za pushirodi, jaribio lake ni rahisi zaidi: chukua mbili, zikutanishe nyuso zake na uzishike wima. Uso wa tapeti nzima umevimba kidogo sana katikati, ndio unaofanya izunguke, kwa hiyo mbili zikikutana hubembea. Zikitulia kimya, zimekwisha. Na hata zikibembea, tapeti ya kusugua iliyokwisha kutumika na kamshafti nyingine haiwekwi kwenye kamshafti mpya. Hapo nunua mpya, seti nzima. Tapeti za rola ndizo zinazoweza kurudishwa kazini, kama rola haina mikwaruzo na haichezi kwenye pini yake.

Kuseti na kuwasha

Seti tapeti injini ikiwa baridi, yaani imelala usiku kucha. Kwa 1NZ-FE ya kiwandani, nafasi ni 0.15 hadi 0.25 mm upande wa kuingiza na 0.25 hadi 0.35 mm upande wa kutoa moshi. Kwa 4A-FE ni 0.15 hadi 0.25 na 0.20 hadi 0.30. Lakini ukiwa na kamshafti ya mtengenezaji mwingine, fuata karatasi yake, kwa sababu mteremko wa nundu yake ndio unaoamua nafasi.

Kanuni ya kupata unene ni moja: unene wa sasa, jumlisha nafasi uliyopima, toa nafasi unayoitaka. Silinda ya kwanza, valvu ya kuingiza: kikombe kina 5.30 mm, fila geji ya 0.37 inapita kwa kukwama kidogo, na unataka 0.20. Jibu ni 5.47 mm. Hakuna kikombe cha 5.47, kwa hiyo unachukua 5.46 na nafasi inakuwa 0.21 mm. Ukilazimika kuchagua kati ya kubana na kulegea, legeza kidogo. Valvu inayogonga kidogo inakupa taarifa, ile iliyobanwa inaungua bila kelele. Andika kila kipimo kwenye karatasi kwa namba ya silinda.

Paka nundu na nyuso za tapeti kwa grisi ya kufungia yenye molibdenamu. Kwa tapeti za kusugua, injini ikishawaka isiachwe sailensi: ishikilie kati ya mizunguko 2,000 na 2,500 kwa dakika kwa dakika 20 au zaidi, kwa sababu kamshafti hupata oili nyingi kutokana na marusho ya krankshafti, na sailensi haitoi ya kutosha. Injini iwe imeandaliwa kuwaka mara moja, maji yamejazwa na taimingi imehakikiwa, ili isizungushwe kwa stata muda mrefu mpaka grisi ikwanguke. Nami hufanya hivyohivyo kwa vikombe vya juu ya hedi, ingawa vyenyewe ni vivumilivu zaidi.

Oili nayo ichaguliwe. Oili mpya za petroli za viwango vyepesi kama 5W-30 zimewekewa kikomo cha fosforasi, ambayo huambatana na zinki inayolinda nyuso zinazosuguana chini ya mzigo mkubwa. Kwa injini ya zamani ya pushirodi, oili ya dizeli ya 15W-40 yenye kiwango cha CI-4, inayouzwa kila kituo kwa ajili ya Fuso na Canter, kwa kawaida ina zinki zaidi na inafaa kwa kipindi hiki cha kuzoeana. Imwage baada ya safari za kwanza, ukate filta na utazame kama kuna chuma kinachong'aa.

Baada ya kilomita 500 hadi 1,000, fungua tapeti kava tena injini ikiwa baridi na upime upya. Valvu zilizosagwa karibuni hukaa zaidi kwenye viti vyake, ncha zinapanda, na nafasi hupungua, hivyo kwa kawaida utahitaji vikombe vyembamba kidogo kwenye valvu moja au mbili. Kwa sababu hiyo vile ulivyovitoa mwanzoni visitupwe wala kuachwa gerejini. Vifungwe kwa karatasi vikiwa vimeandikwa unene wake, maana mara nyingi kile unachokitafuta kimo humohumo.